Barua ya wazi: Tita la mkonge nalo liingie kwenye mkataba

Kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Mkuu wa Mkoa wa Tanga. Bodi ya Mkonge. Wamiliki na mameneja wa mashamba ya Pangani, Muheza, Mkinga na Korogwe. Na viongozi wa vyama vya wafanyakazi.

YAH: KIPIMO CHA KAZI YA SIKU KWENYE MASHAMBA YA MKONGE

Waheshimiwa,

Mada tajwa hapo juu yahusika.

Sheria ya kazi ya nchi hii inahesabu saa. Shamba la mkonge linahesabu matita. Ujira wa mkataji unapotelea katikati ya hesabu hizo mbili, na ombi letu ni moja tu: kipimo cha kazi ya siku kiandikwe ndani ya mkataba wa hali bora, yaani makubaliano ya chama cha wafanyakazi na mwajiri, kipimwe hadharani, na afisa kazi akikague kama anavyokagua daftari la mahudhurio.

Kwa asiyeijua kazi yenyewe, iko hivi. Mkataji anapewa ngwe yake, yaani sehemu ya shamba ya kumaliza siku hiyo, alfajiri. Anakata majani ya chini ya kila mche na kuacha ya juu ili mche usidumae, anaondoa mwiba wa ncha, anafunga majani thelathini thelathini, na kila thelathini ni tita moja. Kisha anayabeba matita hadi kando ya njia, tela lipate kuyafikia. Karani anapita na kuhesabu, na kilichohesabiwa ndicho kinacholipwa. Jua lilivyowaka, magugu yalivyofika kiunoni, umbali kutoka ngweni hadi njiani, vyote hivyo havina safu kwenye daftari la karani.

Mtindo huu una umri mkubwa kuliko nchi yenyewe. Mwaka 1893 Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika hai Tanga ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe, Pangani. Mwaka huohuo ujenzi wa reli ya Tanga ulianza. Ardhi ilichukuliwa, mche ukakubali, wenye mashamba wakabaki na shida moja: watu. Msambaa, Mbondei na Mzigua alikuwa na shamba lake na hakuona sababu ya kuliacha. Jibu la serikali ya Kijerumani lilitoka Lushoto, iliyoitwa Wilhelmstal wakati ule: mwaka 1907 wanaume wa wilaya hiyo walianza kupewa kadi iliyowataka wamfanyie kazi mzungu siku 30 katika kila miezi minne.

Waingereza hawakuitupa fikra hiyo, waliipa sura nyingine. Sheria yao ya mabwana na watumishi ya 1923 ilimfanya mfanyakazi anayeondoka kabla ya mkataba kwisha kuwa mhalifu, na shambani mkataba wenyewe ulikuwa kipande, kadi yenye nafasi 30. Unapomaliza ngwe, nafasi moja inatiwa alama. Usipoimaliza, hata kama jua limekuzamia kondeni, siku ile haipo. Siku 30 za kipande hazikuwa siku 30 za kalenda, na mtu aliweza kufanya kazi zaidi ya mwezi na nusu ndipo apate mshahara ulioitwa wa mwezi. Mwaka 1944 wamiliki waliunda ofisi yao ya kuajiri, SILABU, iliyosomba watu kutoka Kigoma, Songea, Ruanda-Urundi na Msumbiji. Hao ndio manamba. Kila mmoja alikuwa na namba, lakini namba ya ukubwa wa ngwe aliipanga mwajiri peke yake.

Tunairudia historia hii kwa sababu chama cha wafanyakazi nchini kina mizizi mkoani kwetu, na kwa sababu tukiifuata hatua kwa hatua tunaona mahali pale pale paliporukwa kila mara.

Chama cha watumishi Waafrika wa serikali kilianzishwa Tanga mwaka 1922, Martin Kayamba akiwa mbele. Kilikuwa cha makarani na walimu, watu wa mshahara wa mwezi, na mkata mkonge hakuwamo. Sheria ya vyama vya wafanyakazi ilikuja 1932, ikakaa kwenye makabati. Mwaka 1939 makuli wa bandari ya Tanga waligoma, mwaka ambao Mombasa na Dar es Salaam pia ziligoma. Mgomo mkubwa wa 1947 ulianzia bandari ya Dar es Salaam, ukafuata reli hadi bara. Bandarini na relini watu wako pamoja, meli inasubiri, na hasara ya mwajiri inaonekana siku hiyohiyo. Shambani watu wametawanyika kwenye kambi, kila mmoja na ngwe yake, na nyapara yuko karibu kuliko katibu wa chama. Ndiyo maana chama cha wafanyakazi wa mashamba kilichelewa. Kilipata nguvu baada ya Shirikisho la vyama vya wafanyakazi la Tanganyika, TFL, kuundwa mwaka 1955, Rashidi Kawawa akiwa katibu mkuu.

Wamiliki waliona kinachokuja, wakaunda baraza la pamoja la kuzungumza na wawakilishi wa wafanyakazi waliotoka mashambani, ili chama kibaki nje ya mlango. Mwaka 1958 mgomo ulizuka Mazinde, njia ya Mombo, na swali lake kubwa lilikuwa nani ana haki ya kusema kwa niaba ya wafanyakazi. Baada ya misukosuko hiyo chama kilikubaliwa mezani. Mishahara ikapanda mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kisha likatokea jambo ambalo vitabu vya siasa hulipita haraka: mashamba yalipunguza watu na kudai kazi zaidi kutoka kwa waliobaki. Kipande kama kadi kilikuwa kinakufa, lakini ngwe ilikuwa inarefuka. Chama kilishinda bei ya siku, mwajiri akabaki na mamlaka ya kusema siku ni nini.

Yaliyofuata yanajulikana. Sheria za 1962 zilifunga njia ya mgomo. Januari 1963 Victor Mkello, aliyekuwa rais wa TFL na kiongozi wa chama cha mashamba, alipelekwa uhamishoni Sumbawanga. Baada ya maasi ya jeshi ya Januari 1964 viongozi wengi wa vyama walitiwa kizuizini, TFL ikavunjwa, ikaundwa NUTA, chama kimoja ambacho katibu mkuu wake aliteuliwa na Rais, na wa kwanza, Michael Kamaliza, alikuwa pia waziri wa kazi. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: mwaka huohuo ilitoka sheria ya usalama wa ajira, na mfanyakazi hakufukuzwa tena kwa neno la nyapara tu. Lakini tawi la shambani lilipoteza ujuzi wa kujadiliana. Ada ilikatwa, ikapelekwa juu, na maelekezo yakashuka. NUTA ikawa JUWATA mwaka 1978, kisha OTTU mwaka 1991, hadi vyama vinavyojitegemea na shirikisho la TUCTA tulilo nalo. Katika muda huo mkonge ulitaifishwa mwaka 1967, uzalishaji ulishuka kutoka karibu tani 230,000 za mwaka 1964 hadi takriban tani 20,000 mwishoni mwa miaka ya 1990, na mashamba ya shirika yakabinafsishwa. Wanaojua kukaa mezani na kubishania ukubwa wa ngwe wamezeeka au wametutoka.

Sasa tuje kwenye sheria iliyopo, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Ni sheria nzuri, na hatuandiki kuomba nyingine. Siku sita kwa wiki, saa 45, zisizozidi saa 9 kwa siku. Saa ya ziada inalipwa mara moja na nusu. Mapumziko ya saa nzima kabla ya kupita saa tano mfululizo. Likizo ya siku 28. Yote haya yanapimwa kwa saa na kalenda. Afisa kazi akifika shambani ataonyeshwa daftari la mahudhurio, ataona watu waliingia saa kumi na mbili asubuhi na kutoka saa nane, atatia saini na kuondoka. Hana kosa, kwa kuwa fomu yake haimuulizi mtu alikata matita mangapi, kwa bei gani, kwenye shamba la umri gani.

Tuchukue hesabu ya amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023, kwa kuwa wengi wanaikumbuka. Kima cha chini cha kilimo kilikuwa shilingi 140,000 kwa mwezi, sawa na 5,384.65 kwa siku na 717.95 kwa saa. Gawanya mwenyewe: siku ya amri hiyo ni saa saba na nusu. Kiwango kimepanda tena kuanzia Januari 2026, lakini njia ya hesabu haibadiliki. Tuseme shamba linalipa shilingi 60 kwa tita. Meneja anasema kazi ya siku ni matita 90, mtu anapata 5,400, sheria imetimia. Ni kweli, kama konde ni changa, majani marefu, palizi imefanyika na njia iko karibu. Mtu huyohuyo mpeleke kwenye konde kongwe lililoanza kutoa milingoti, yaani mashina marefu ya maua, majani mafupi, magugu yamesimama na njia iko mbali. Akikata 65 kwa muda uleule amepata 3,900. Amepungukiwa shilingi 1,484.65 kwa siku, na kwa siku 26 ni zaidi ya 38,600. Kwenye karatasi ya mshahara upungufu huo hautaitwa kwa jina lake. Utaandikwa kama siku ambazo hakuja, kwa sababu ngwe isiyokwisha inahesabiwa nusu siku au haihesabiwi kabisa. Hapo kipande cha 1923 kinakuwa kimerudi bila kadi.

Kuna mianya mingine midogo ambayo kila mkataji anaijua. Tita likikutwa na majani 28 linakataliwa lote badala ya kukatwa majani mawili. Trekta likiharibika, matita yanalala njiani siku mbili tatu, yananyauka, na hasara inashushwa kwa mkataji. Jani la mkonge linatakiwa lipite kwenye korona, mashine ya kuchakata majani, ndani ya siku moja au mbili tangu likatwe, la sivyo utomvu unakauka na singa, yaani nyuzi zake, hazitoki safi. Hilo ni jukumu la usafirishaji, na mwenye panga hahusiki. Korona ikisimama kwa kukosa maji au umeme, wanaolisha mashine na wanaoanika singa wanakaa kivulini wakisubiri, na saa zile hazilipwi kwa kuwa hakuna kilo zilizotoka. Kwenye brashi, mashine ya kusugua singa kavu, kipimo kikipanda mtu anavua barakoa ili apumue vizuri na kwenda haraka, vumbi linaingia kifuani. Anayetaka kujua kwa nini vifaa vya kinga havivaliwi aanze kuangalia kipimo kabla ya kulaumu uzembe.

Tunapendekeza nini, basi? Jaribio la kipimo, lifanywe mara moja kwa mwaka na kila konde linapobadilika daraja. Makonde yagawanywe madaraja matatu: changa, ya kati na kongwe. Kila daraja wachaguliwe wakataji kumi, watatu wepesi, wanne wa kawaida, watatu wa polepole, na wachaguliwe na tawi la chama pamoja na meneja, kwa sababu nyapara akiachiwa achague peke yake atawaleta mafahali wake kumi na kipimo kitakuwa cha mafahali. Wakate siku sita, saa saba na nusu za kazi halisi, muda wa kubeba na kufunga ukiwa ndani, mapumziko yakiwa nje. Karani wa shamba na mwakilishi wa chama wahesabu wote wawili, kila mmoja na daftari lake, na wasaini jioni ileile.

Watu kumi kwa siku sita ni saa 450. Tuseme wamekata matita 4,200. Hiyo ni 9.33 kwa saa, au 70 kwa siku. Gawanya 5,384.65 kwa 70, bei ya chini kabisa ya tita kwenye konde hilo ni shilingi 76.92. Lakini bei hiyo inamfikisha mtu wa wastani kwenye kima cha chini tu, na aliye chini ya wastani anabaki chini ya sheria. Kwa hiyo ongeza asilimia 20, ifike shilingi 93 baada ya kuzungusha juu, na iandikwe kwamba yeyote aliyemaliza saa zake halipwi pungufu ya kima cha chini cha siku, hata matita yake yakiwa machache. Hizi namba ni za mfano. Kila shamba litapata zake, na konde changa huenda likatoa bei ndogo kuliko wanayolipa sasa. Hatuna ubishi na hilo.

Vifungu vingine vya mkataba ni vifupi. Tita pungufu lilipwe kwa idadi ya majani yake. Tita lililohesabiwa na kusainiwa njiani ni mali ya mwajiri kuanzia dakika hiyo. Saa za kusubiri mashine zilipwe kwa bei ya saa. Jedwali la bei za madaraja matatu libandikwe kwa Kiswahili kwenye ofisi ya konde na kwenye kila kambi, mahali ambapo mtu anaweza kusimama akalisoma bila kuombewa ruhusa.

Wenye mashamba watauliza chama kina haki gani ya kuingia kwenye bei ya tita. Jibu liko kifungu cha 67 cha Sheria hiyo ya Ajira ya 2004: chama chenye wanachama zaidi ya nusu ya wafanyakazi ndicho msemaji pekee, mwajiri akipewa taarifa ana siku 30 za kukutana nacho ili makubaliano ya kukitambua yaandikwe, na akikaidi suala linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mkataba ukishasainiwa unafunga pande zote, na nakala inapelekwa kwa Kamishna wa Kazi. Tunaongeza kwamba singa kavu ni kama asilimia 3 hadi 4 tu ya uzito wa jani. Tani nzima ya majani inatoa kilo 30 hadi 40. Biashara yenye mavuno membamba hivyo inaumia zaidi na jani lililolala njiani kuliko na shilingi chache za mkataji.

Kwa viongozi wa vyama tuna maneno ya ndani kidogo. Mwanachama akishajaza fomu, mwajiri anatakiwa aanze kukata ada na kuiwasilisha ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha, na akichelewa bila sababu ya msingi kuna nyongeza ya asilimia 5 kwa kila siku. Kifungu hicho mnakijua kwa moyo. Kifungu kinachofuata hakisikiki sana: shamba lenye wanachama zaidi ya 100 lina haki ya wawakilishi 15, na ambapo kuna wanachama wanawake, walau watano wawawakilishe hao. Walioko kwenye kuanika na brashi wengi ni wanawake, lakini mezani anakaa mkataji na fundi. Jazeni nafasi hizo, na wawakilishi wafundishwe kuhesabu kabla ya kufundishwa kuhutubia.

Wafundisheni pia tofauti ya migogoro miwili, kwa sababu hapa watu wanapoteza kazi. Kudai bei ya tita ipande kutoka 80 hadi 93 ni mgogoro wa maslahi. Unaupeleka kwenye Tume, usuluhishi unapewa siku 30, ukishindikana mnapiga kura, wengi wakikubali mnatoa taarifa ya saa 48, ndipo mnaweka panga chini mkiwa ndani ya sheria. Kulipwa chini ya kima cha chini ni mgogoro wa haki, na huo haugomewi, unashitakiwa. Mashauri ya kuachishwa kazi yana siku 30 za kufungua, mengine 60. Kinachotokea mara nyingi ni watu kuacha kazi asubuhi ya siku ya mshahara, bila kura wala taarifa, kwa jambo ambalo wangelishinda mbele ya Tume. Wanaachishwa, wanarudi kwao kutafuta nauli, siku 30 zinapita. Tume ikipanga vikao vya kuzunguka hadi Korogwe, Mombo na Maramba wiki inayofuata malipo, sehemu kubwa ya tatizo hili itakwisha.

Bodi ya Mkonge inajua vizuri kwamba sehemu ya mkonge wa sasa ni ya wakulima wadogo walio kwenye AMCOS, vyama vya ushirika vya wakulima. Mkulima hakati mwenyewe, anaweka vibarua. Nani mwajiri wao: mkulima, AMCOS, au mwenye korona? Kila mmoja humnyooshea kidole mwenzake. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 imeshajibu kwa sehemu: aliyefanyia mtu kazi walau saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au anayeongozwa namna ya kufanya kazi, anachukuliwa kuwa mwajiriwa hadi ithibitishwe vinginevyo. Tunaomba kila AMCOS iandike kwenye makubaliano ya msimu nani anabeba jukumu hilo, pamoja na michango ya hifadhi ya jamii na ya Mfuko wa Fidia. Panga halichagui shamba kubwa au dogo. Lengo la kuzalisha tani 120,000 za mkonge kwa mwaka lilitangazwa majukwaani, lakini bei ya tita haikuwahi kupanda jukwaani.

Mheshimiwa Waziri, upande wako ni mwepesi kuliko wote. Afisa kazi tayari ana mamlaka ya kuingia, kudai kumbukumbu na kutoa amri ya utekelezaji. Anachokosa ni ukurasa mmoja kwenye fomu ya ukaguzi: daraja la konde, bei ya tita, matita ya wastani kwa saa, na malipo ya mkataji wa chini kuliko wote wiki iliyopita. Na amri ijayo ya mshahara iwe na kifungu kinachosema wazi kwamba ujira wa kazi inayolipwa kwa kiasi, siyo kwa saa, lazima utokane na jaribio lililosainiwa na pande mbili.

Tunaomba majibu kwa maandishi, na pamoja na majibu jaribio la kwanza lifanyike kabla ya bei za msimu ujao kupangwa. Lianzie kwenye konde kongwe lenye milingoti. Kwenye konde changa kila mtu atatoka ameridhika, na hatutakuwa tumejua lolote.

Wenu katika ujenzi wa mkoa,

Wakazi wa Tanga tunaofuatilia masuala ya kazi mashambani na bandarini